Droo ya Ishirini na Saba

3 Februari

Mjomba, shikamoo.

Najua bahasha hii utaifungua kwa patasi, kwa hiyo nimeacha nafasi pembeni usije ukakata maneno. Ningepiga simu, ila mara ya mwisho tuliongea dakika kumi na mbili, mimi nikiuliza habari za mguu wako na wewe ukinipa habari za bomba la maji. Mashine ya kuranda imekula masikio yako, na mimi imeniachia kazi ya kuandika.

Habari kubwa ni ya kabati. Lile la duka la dawa, lenye droo arobaini na nane, ulilolisafisha ulipokuwa fundi mkuu wa makumbusho. Kuna wakfu mmoja ng'ambo umekubali kufadhili ukarabati wake, kwa ushirikiano na makumbusho kubwa ya huko. Andiko la mradi nimeandika mimi, mratibu wa ushirikiano, kurasa hamsini na mbili. Nimeeleza humo kwamba droo nne zilipotea kabla kabati halijafika kwetu, na kwamba arobaini na nne zilizobaki ni zilezile za tangu mwanzo. Nimesaini kila ukurasa.

Sasa jambo lenyewe. Kazi inaweza kufanyika hapa, kwenye karakana yako, au kabati linaweza kufungwa kwenye sanduku na kupelekwa kwao kwa miaka miwili. Mtaalamu wao anakuja mwisho wa mwezi kuangalia, na maoni yake ndiyo yatakayoamua. Kabati likiondoka, karakana haina kazi nyingine. Mkurugenzi ameshaniambia kwamba ikiwa hivyo, chumba kile kitakuwa duka la zawadi kuanzia Julai, na wale mafundi watatu uliowafundisha wataambiwa asante. Tayari kuna mtu alikuja kupima madirisha.

Nakuomba vitu viwili. Kwanza, kama una vipimo vya zile droo kwenye madaftari yako, nitumie. Pili, niambie mtaalamu wa mbao anakaribishwaje, maana mimi najua kukaribisha wahasibu tu.

Kikasha chako cha kalamu bado kiko mezani kwangu, tangu siku uliponipa nilipoanza shule. Kalamu za Mkurugenzi huwa zinaingia humo zenyewe na hazitoki.

Mpwa wako,
Msumari

10 Februari

Msumari, marahaba.

Bomba limepona. Mguu unafuata nyayo zake.

Vipimo ninavyo na nimevinakili nyuma ya karatasi hii. Usivikadirie. Pale nilipoandika nusu milimita ni nusu milimita. Najua mlikuwa mnaniita Fundi Milimita nikigeuka, na nikigeuka tena mnauliza chai iko wapi.

Mtaalamu wa mbao hakaribishwi kwa hotuba. Mpe meza iliyo karibu na dirisha la mashariki, mpe stuli isiyoyumba, kisha mnyamaze. Mafundi wasisimame nyuma yake. Mtu akikagua mbao huku anapumuliwa kisogoni, kila kitu anakiona kibovu.

Jambo moja dogo. Kuna droo inakwama, safu ya nne, ya tatu kutoka kushoto. Ya ishirini na saba. Msiivute sana. Kama mnaweza, mwambieni aiache tu, zingine zinatosha.

Dada yangu, yaani mama yako, alipita hapa Jumapili. Anasema huli. Kula.

Mjomba

2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mtaalamu amekuja na ameondoka. Ni mama wa makamo, mwembamba, mpole, na tangu aliposhuka kwenye gari mpaka alipopanda tena hatukumwona bila glavu nyeupe. Mafundi wamempa jina la Bibi Glavu. Chai alikunywa nazo. Alikagua droo zote kwa siku mbili, kwa tochi na kioo cha kukuza, kwenye dirisha la mashariki, na sisi tulinyamaza kama ulivyoagiza.

Ile ya ishirini na saba haikukwama, Mjomba. Iliteleza kama imepakwa sabuni. Bibi Glavu akaisikiliza ikirudi ndani, akaitoa tena, akairudisha. Kisha akakaa nayo robo saa. Meno ya pembeni, pale mbao mbili zinaposhikana, alijaribu kupenyeza ukingo wa karatasi na haukupita. Aliniita nitafsiri kwa mafundi. Alisema hivi: "Mkono uliofanya kazi hii hauko tena duniani."

Fundi mkuu wetu wa sasa, unamjua alivyo na adabu, aliuliza kama anaweza kujaribu kuiga. Akajibiwa kwa upole kwamba hata kwao wapo watu wawili tu wanaoweza kuikaribia, na hao hawasafiri. Droo nne zilizopotea zitatengenezwa upya kwa kufuata mfano wa hiyo moja. Kwa hiyo anapendekeza kabati liende.

Sina wa kumlaumu. Amefanya kazi yake vizuri na ameandika anachokiamini. Picha ya droo hiyo itawekwa kwenye jalada la ripoti. Mkataba unasainiwa tarehe 30 Aprili. Jana nimewaona mafundi wakifuta vumbi kwenye vifaa ambavyo havina vumbi.

Nilidhani nikiandika andiko zuri, karakana itabaki. Kumbe nimeandika andiko zuri la kuifunga. Usimwambie Mama, atasema ni kwa sababu sili.

Msumari

6 Machi

Msumari,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Hii ni ya tatu kuandika. Mbili nimewashia jiko.

Droo ya ishirini na saba niliitengeneza mimi.

Ni miaka ishirini na sita sasa. Kabati lilikuwa karakana kwa usafi. Ile ya asili ilianguka ikapasuka ubavu na kitako, haikufaa kuungwa. Nikachukua mbao kavu ya mkangazi iliyobaki kwenye kazi nyingine, nikatengeneza nyingine kwa siku nne. Rangi niliipata kwa chai ya rangi kali na vumbi la mkaa, nikaipaka mara saba. Hata namba iliyo chini yake niliandika mimi, nikiuiga mwandiko wa mwenye duka wa zamani. Kwenye daftari la matengenezo sikuandika kitu.

Usitafute kwa tochi, hutaona. Chukua jino la pili kutoka juu, upande wa kushoto. Ndani yake, pale panapofunikwa na gundi, kuna sahihi yangu kwa penseli na tarehe. Gundi ni ile ya kuchemsha, inaachia kwa kitambaa cha maji ya moto. Hakuna anayeweza kuisoma bila kuifungua droo, na mimi nilitegemea hataifungua mtu.

Mwambie Mkurugenzi leo. Mwandikie na huyo mama wa glavu kabla hawajachapa jalada. Waambie mkono wenyewe upo duniani, una baridi yabisi, na unafuga kuku. Mimi nimeshastaafu, hawana wa kumfukuza. Lakini wewe umesaini kurasa hamsini na mbili ukisema zote ni za asili, na hilo limenikalia kifuani tangu barua yako ya kwanza. Nilipaswa kukuambia siku ile. Badala yake nikakuambia inakwama.

Vipande vya ile ya zamani nilivichoma.

Mjomba

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo ipo, ila leo imechelewa.

Nimemwambia Mkurugenzi. Aliuliza kama kuna kingine, nikasema sijui. Ndilo jibu gumu zaidi nililowahi kutoa ofisini mle. Bibi Glavu nimemwandikia siku hiyohiyo. Amejibu mstari mmoja, kwamba amepokea na kwamba jalada limesimamishwa. Wakfu umeomba maelezo ya maandishi kwa nini ulipewa taarifa isiyo ya kweli, na maelezo hayo nimeandika mimi kwa sababu kosa liko chini ya sahihi yangu.

Sijakasirika kwa sababu ya droo. Fundi yeyote anaweza kuvunja. Nimekasirika kwa sababu ni wewe uliyenifundisha, kabla sijajua kusoma vizuri, kwamba kiraka cha makumbusho kisimsumbue anayepita mbali, lakini anayesogea karibu akione na ajue ni kiraka. Ulikuwa unanishikisha kidole changu pale mbao mpya inapokutana na ya zamani. Wewe huyohuyo ukatengeneza kiraka ambacho hata mtu aliyesomea kazi hiyo miaka thelathini hakukiona. Ukaniacha nikiringie mbele ya wageni.

Na kuna jambo jingine. Karakana ilikuwa na pipa la vipande vidogo vya mbao ambalo halikumwagwa mpaka ulipokagua kwa mkono wako. Ulikuwa unasema mbao ya makumbusho haitupwi, hata ikiwa ndogo kama jino. Leo unaniambia ulichoma droo nzima. Mjomba, hilo siliamini.

Bado ni mpwa wako. Usianze kuwaza mambo mengine.

Msumari

20 Machi

Msumari,

Yote uliyoandika ni kweli na nimeyapokea yalivyo.

Droo hiyo asiifungue mtu mwingine, ataipasua. Nitakuja mwenyewe. Mwambie huyo mama, kama atakubali kurudi, nitaifungua mbele yake, kisha aamue anavyotaka. Ninahitaji birika, vitambaa viwili vya pamba, na mtu wa kunishikia kitako cha droo ambaye hatetemeki. Yule fundi wenu mwenye adabu anafaa.

Daftari la matengenezo litolewe pia. Kuna mstari wangu haujaandikwa.

Mama yako amenisikia nikikohoa akasema sasa ni mimi nisiyekula. Tumerithishana.

Mjomba

24 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini safari ya kurudi ilikuwa salama na kuku hawakukusahau. Kuna mambo yalisemwa karakana siku ile ambayo hukuyasikia, kwa sababu ya masikio na kwa sababu ulikuwa umeinama. Nayaandika kwa mpangilio.

Ulipoweka kitambaa cha kwanza, Mkurugenzi alimuuliza Bibi Glavu itachukua muda gani. Akajibu kwamba hajui, hajawahi kuona mtu akifungua kazi yake mwenyewe. Ilipofika dakika ya arobaini na jino likaanza kuachia, fundi wetu alitaka kuvuta, ukampiga kofi dogo mkononi bila kumtazama. Bibi Glavu akacheka. Na ulipolitoa jino na ile penseli ikaonekana, sahihi na tarehe, alivua glavu. Zote mbili. Mafundi walitazamana kama amevua viatu mezani. Akapitisha kidole juu ya maandishi bila kuyagusa, halafu akaligusa jino lenyewe, pembeni. Akaniambia, "Mwambie nimekosea kuhusu dunia." Nilikuambia, ukajibu kwamba chai ipo. Nikaona niandike.

Baadaye alikuhoji, unakumbuka, na mimi nikatafsiri. Ambacho sikutafsiri ni kwamba kila ulipomjibu alikuwa akiwaangalia mafundi watatu, si wewe. Walikuwa wanakufuata kwa macho na mikono yao ilikuwa inasogea kidogo, kama wanaifungua droo nao.

Jana wakfu umetuma uamuzi. Kabati linabaki. Droo nne zitatengenezwa hapa, karakana, na mafundi wetu, kwa sharti kwamba utakuja kuwafundisha mara mbili kwa mwezi mpaka ziishe. Droo ya ishirini na saba itarudi mahali pake ikiwa na alama ya wazi kwamba ni mpya. Fedha wamezipunguza kwa sababu ya taarifa yangu ya awali, na mimi nimepewa barua ya onyo ambayo itakaa kwenye faili langu miaka miwili. Nimeisoma. Imeandikwa vizuri kuliko maandiko mengi ninayopokea. Mkurugenzi amefuta duka la zawadi na anasema wazo lile halikuwa lake.

Sasa lililobaki ni letu wawili.

Kabla hujaondoka uliandika mstari wako kwenye daftari la matengenezo. Tarehe ya uharibifu, mbao uliyotumia, gundi, rangi. Kwenye safu ya sababu umeandika: "Fundi aliiacha ianguke." Bibi Glavu aliuliza kwa nini hukuandika tu kwamba ilianguka. Kwenye ripoti anahitaji sababu, nami sikuwa nayo.

Nikashuka stoo nikatafuta daftari la mlangoni la mwaka ule. Tarehe uliyoandika ipo. Mlinzi wa zamani, yule mwenye mwandiko kama kamba ya viatu, ameandika saa mbili kasorobo asubuhi: "Fundi mkuu, na mtoto mmoja." Siku iliyofuata, "Fundi mkuu, na mtoto mmoja." Hivyo hivyo kwa siku saba.

Nikampigia Mama. Akasema wiki ile alikuwa hospitali, mdogo wangu alikuwa anakataa kuzaliwa, na mimi nilibaki kwako. Akauliza kwa nini naulizia mambo ya kale, nikamwambia ni kazi. Sheria ya karakana naijua, iko ukutani mpaka leo: watoto hawaingii.

Nilirudi mezani kwangu nikamwaga kalamu zote. Kile kitambaa cha kijani ulichobandika ndani ya kikasha kimeshikwa kwa gundi ya kuchemsha, kwa hiyo niliomba birika. Chini yake ni mbao ya zamani, nyeusi, imekatwa na kurandwa pembeni tu. Katikati kuna namba kwa wino uliofifia. Mbili na saba.

Imekuwa mezani kwangu ndani ya makumbusho miaka yote hii, na mimi nikaandika kurasa hamsini na mbili nikiegemeza mkono juu yake.

Nimeelewa, Mjomba. Si wewe. Nimeandaa sahihisho la daftari: "Droo iliangushwa na mtoto wa miaka mitano, ambaye sasa ni mratibu wa ushirikiano." Nimeshasaini. Inahitajika sahihi ya fundi. Nakutumia karatasi, saini urudishe. Sikumbuki chochote, wala kiti, wala kishindo. Lakini sitaki kosa langu likae kwenye mstari wako.

Msumari

29 Aprili

Msumari, marahaba.

Karatasi yako nimeipata na sitaisaini. Nairudisha ndani ya bahasha hii ikiwa safi.

Daftari la mlangoni ni sahihi. Mama yako yuko sahihi. Kikasha ni sahihi, isipokuwa kwamba sikuiba: mbao ilitoka na wewe, na nilijua ulipoajiriwa kwamba imerudi na wewe. Nilipoiona mezani kwako siku ya kwanza nilikunywa maji. Vipande vingine vipo kwangu kwenye bati la biskuti, nitakuja navyo. Sikuchoma kitu. Nilisema nilichoma ili usitafute.

Ila mengine umekosea, na makosa kwenye daftari siyapendi.

Uliniuliza asubuhi ile kabati la dawa ni la nini, nikakuambia zamani mwenye duka alikuwa anaweka dawa. Ukauliza kama aliweka na pipi za watoto wanaolia. Nikasema huenda. Nikageuka kutazama gundi. Ukapanda stuli, ile iliyokuwa na mguu mfupi, ambayo nilikuwa naahidi kuirekebisha tangu mwezi uliotangulia. Ulivuta droo mpaka ikatoka yote. Stuli ikalala.

Nilikuwa hatua mbili. Nilisikia, wakati huo bado nasikia. Vitu vilivyokuwa vinaanguka vilikuwa viwili na mikono yangu ni miwili, lakini mtoto wa miaka mitano hadakwi kwa mkono mmoja. Droo niliiona inakwenda. Ilikuwa upande wangu wa kulia, karibu kuliko wewe, ningeifikia. Niliiacha.

Hukulia. Uliuliza kama pipi zimevunjika.

Sikuandika kwenye daftari kwa sababu ningeandika sababu, ningekuandika wewe, na kesho yake mlinzi asingekuruhusu kuingia. Nilikuwa sina pa kukuacha, na dada yangu yuko hospitali. Nikasema nitaandika wiki ikiisha. Wiki ilipoisha droo mpya ilikuwa imeshatoka nzuri, na hapo ndipo nilipokosea kweli. Niliipenda. Nilitaka nione kama kuna atakayejua. Hiyo sehemu si yako wala ya stuli, ni yangu peke yangu, na barua ya onyo iliyo kwenye faili lako ilipaswa kuwa na jina langu.

Kwa hiyo mwambie yule mama mstari wangu usiguswe. Kwenye safu ya sababu fundi anaandika kilichotokea, na kilichotokea ndicho hicho. Akiuliza kwa nini fundi aliiacha, mwambie mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Kikasha kikabidhi kwa mafundi kiwekwe kwenye kumbukumbu za kabati. Kalamu za Mkurugenzi mrudishie, au nitakutengenezea kingine, kwa mbao isiyo na historia.

Jumatatu nitakuwa karakana saa mbili asubuhi. Niwekee ile stuli ya zamani kama bado ipo, niurekebishe ule mguu. Usiipande.

Mjomba